Sura ya Nne: Kwa Nini Swichi Kuu Hukatika Kila Jioni?

Swali ambalo wapangaji wa mijini huwauliza mafundi umeme mara kwa mara ni hili: kwa nini umeme wa nyumba nzima hukatika kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, ilhali nyumba za jirani zinawaka kama kawaida na mita ya LUKU bado ina uniti za kutosha? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba swichi imechoka na inafaa ibadilishwe, ikiwezekana kwa kuwekwa nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi, na baada ya kazi ya nusu saa tatizo huonekana limekwisha. Sura hii inaeleza kwa nini tiba hiyo ina hatari kubwa kuliko ugonjwa wenyewe, na ni mambo gani yaliyo ndani ya uwezo wa mpangaji anayeishi katika nyumba ambayo nyaya zake ni mali ya mtu mwingine.

## Nyumba iliyosukiwa nyaya za taa na redio

Nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma, ambayo imeenea Magomeni, Ilala na Temeke jijini Dar es Salaam, na ambayo haikosekani Tanga wala Mombasa, mara nyingi ilitandazwa nyaya zake wakati ambapo kila chumba kilihitaji taa moja na soketi moja ya redio au feni. Leo kila chumba kati ya hivyo ni kaya kamili yenye friji, televisheni, pasi, birika la umeme na pengine jiko la koili, huku nyaya zilizomo ukutani na juu ya dari zikiwa zilezile.

Ili kuelewa uzito wa mabadiliko hayo, yapo maneno matatu ya kufahamu. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, nao kwa majumbani nchini Tanzania ni volti 230, wakati Kenya ni volti 240. Ampea ni kipimo cha mkondo, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya. Wati ni kipimo cha nguvu ambayo chombo hutumia, na huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini ya chombo chenyewe. Mtu akichukua wati za chombo na kuzigawa kwa 230, hupata ampea ambazo chombo hicho huvuta.

Tuseme saa moja jioni chumba kimoja kinachemsha maji kwa birika la wati 2,000, cha pili kinapiga pasi ya wati 1,200, cha tatu kinapika kwa jiko la wati 1,500, na taa, feni, televisheni na friji za nyumba nzima zinatumia wati 800. Jumla ni wati 5,500, ambazo zikigawanywa kwa 230 hutoa takribani ampea 24. Ikiwa soketi zote za nyumba zimeungwa kwenye mstari mmoja unaolindwa kwa ampea 20, kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani, basi kukatika kwa umeme jioni hiyo hakutokani na uchovu wa swichi yoyote.

## Kazi halisi ya sakiti breka

Sakiti breka ni swichi inayojikata yenyewe mkondo unapozidi kiwango kilichoandikwa usoni pake. Ndani yake mna bapa dogo la metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, ambalo hupinda taratibu kadiri linavyopata joto la mkondo uliozidi, na mna koili ya sumaku inayokata papo hapo iwapo waya unaoleta umeme umegusana na waya unaourudisha, yaani iwapo umepiga shoti. Bapa ndilo linaloeleza kwa nini umeme haukatiki pasi inapochomekwa bali baada ya muda, mara nyingine muda mrefu, na kwa nini breka ikirudishwa kabla haijapoa hukatika tena upesi kuliko mara ya kwanza.

Ukubwa wa breka huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya inaoulinda. Kwa desturi waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba hutumika kwa taa na hulindwa kwa breka ya ampea 6 au 10, ule wa milimita 2.5 hutumika kwa soketi na hulindwa kwa ampea 20, na vyombo vizito kama jiko kubwa au hita ya maji ya bafuni hupewa mstari wao peke yao wenye waya wa milimita 4 au 6. Hita inayopasha maji papo kwa papo, ambayo siku hizi hufungwa hata katika vyumba vya kupanga vya bei ya kawaida, inaweza kufikia wati 5,500, yaani peke yake huvuta sawa na vyumba vyote vya mfano uliotangulia kwa pamoja.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kuweka breka kubwa zaidi. Joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka haraka kuliko mkondo wenyewe: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Waya uliokusudiwa ampea 20 ukipitishwa ampea 30 huzalisha joto la mara mbili na robo, na breka ya ampea 32 iliyowekwa mahali pa ile ya 20 haina sababu yoyote ya kukatika, hata hali hiyo ikiendelea usiku kucha. Plastiki ya kawaida inayofunika nyaya za majumbani imetengenezwa kuhimili nyuzijoto 70 za Selsiasi, na juu ya dari, chini ya bati lililopigwa na jua la mchana wa pwani, waya huanza safari yake ukiwa tayari na joto. Plastiki hiyo inapopikwa siku baada ya siku hukauka, hupasuka na kuanguka vipande vipande, mahali ambapo hakuna mtu anayepatazama.

Kwa ufupi: breka inayokatika kila jioni inaeleza ukweli kuhusu nyumba, na anayeibadilisha kwa kubwa bila kubadilisha waya huinyamazisha. Tiba zinazofaa ni mbili tu. Ama mzigo upunguzwe kwa wapangaji kukubaliana kutotumia vyombo vya kupasha joto kwa wakati mmoja, jambo ambalo linawezekana kuanza leo na halina gharama, ama mwenye nyumba atandaze mistari mipya.

## Breka humlinda nani?

Watu wengi huamini kwamba nyumba yenye breka nzuri haiwezi kumuua mtu kwa umeme, na imani hii inastahili kusahihishwa kwa mkazo wote. Mwili wa binadamu hudhuriwa na mkondo mdogo sana, ambao hupimwa kwa milliampea, yaani sehemu za elfu za ampea. Kiasi cha milliampea 10 hivi kinatosha kukaza misuli ya mkono hata aliyeshika chombo ashindwe kukiachia, na kuanzia milliampea 30 na kuendelea, mkondo ukipita kifuani kwa muda, mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Breka ya ampea 20 huanza kushtuka baada ya milliampea 20,000. Mtu anaweza kufia kwenye waya bila breka kutambua kwamba kuna jambo lililotokea, kwa kuwa breka iliwekwa kulinda waya.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine, na mafundi hukitaja kwa herufi zake, RCD au RCCB. Kazi yake ni kulinganisha mkondo unaoingia nyumbani na ule unaorudi, na ikitofautiana kwa milliampea 30, kwa sababu sehemu ya umeme imepitia mwilini mwa mtu au imevujia ukutani, hukata ndani ya muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Kinatambulika kwa urahisi kwenye ubao wa breka kwa sababu kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kitufe hicho kikibonyezwa kifaa hutakiwa kukata umeme mara moja, na inafaa jaribio hilo lifanywe kila baada ya miezi mitatu hivi, kwani kifaa kisichoshtushwa kwa miaka mingi huweza kukwama.

Ikiwa mwenye nyumba anaweza kufanya jambo moja tu mwaka huu, na liwe hili la kufunga kinga ya milliampea 30 kwenye ubao mkuu, kwa kuwa kifaa kimoja hulinda vyumba vyote, na wapangaji sita wakichangia hakuna atakayeumia.

## Tundu la juu na kijiti cha kiberiti

Soketi zinazotumika zaidi Afrika Mashariki ni zile za matundu matatu ya mstatili, ambazo asili yake ni kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947. Matundu mawili ya chini ni ya waya wa moto, ambao ndio unaoleta umeme, na wa nyutro, ambao huurudisha. Tundu la juu ni la waya wa ardhini, maarufu kama erthi, na pini yake ni ndefu kuliko nyingine ili iingie ya kwanza, ifungue vifuniko vidogo vilivyoziba matundu ya chini, na iunge bati la nje la chombo na ardhi kabla umeme haujafika.

Katika nyumba nyingi vyombo hununuliwa vikiwa na plagi ya pini mbili za mviringo, na kwa kuwa vifuniko havifunguki, mtumiaji huchukua kijiti cha kiberiti, kalamu au ncha ya mkasi, akakisukuma kwenye tundu la juu na kisha akalazimisha pini mbili chini. Chombo huwaka, na kila mtu huondoka ameridhika. Chaja ya simu, ambayo mwili wake wote ni plastiki, haipotezi kinga yake kwa kukosa erthi, ingawa pini zake huendelea kulegea na kupata joto. Pasi, birika la chuma, friji na mashine ya kufulia ni jambo tofauti kabisa. Plagi zao za mviringo huwa na vipande vya chuma ubavuni vilivyokusudiwa kugusa erthi katika soketi za Ulaya, na vipande hivyo havigusi chochote katika soketi ya matundu matatu. Siku waya wa ndani utakapochubuka na kugusa bati, bati lote litakuwa na volti 230 likimsubiri wa kwanza kuligusa akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Dalili ya mapema ipo, nayo ni ule mtekenyo ambao watu husema friji “inapiga kidogo”. Hakuna kupiga kidogo kunakofaa kuzoewa. Mara nyingi maana yake ni kwamba bati lina umeme unaovuja na hakuna erthi ya kuuchukua, na kinachoamua kama mtekenyo utabaki mtekenyo ni ukavu wa ngozi na wa sakafu siku hiyo. Testa ya fundi ikiwaka inapogusishwa bati la friji, friji ichomolewe mpaka fundi aone. Plagi ya pini mbili ikatwe na kufungwa ya pini tatu yenye fyuzi inayostahili, ambayo ni ampea 3 kwa vyombo visivyozidi wati 700 na ampea 13 kwa vile vizito. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kipande cha msumari, haviwi fyuzi.

Erthi yenyewe nayo huhitaji kuchunguzwa. Kwa kawaida ni nondo ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya nyumba na kuungwa kwa waya wa kijani, au wa kijani na njano, hadi kwenye ubao wa umeme. Waya huu hukatwa na wezi wa shaba, hung’olewa wakati wa kupiga lipu, au hubaki umefungwa kwenye nondo iliyoliwa na kutu ya chumvi. Hata ukiwa mzima, udongo mkavu au wa kichanga hupitisha umeme kwa shida. Ukinzani wa nondo ukiwa omu 20, volti 230 zitasukuma ampea 11.5 tu kwenda ardhini, kiasi ambacho breka ya ampea 20 itakivumilia bila kukata, na bati la friji litaendelea kuwa na umeme. Hii ndiyo sababu erthi na kinga ya milliampea 30 huenda pamoja, na moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Rangi za nyaya zitazamwe kwa tahadhari. Nyaya za zamani ni nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, wakati za sasa ni kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro, na katika mpangilio huo mpya rangi nyeusi huweza kuwa waya wa moto kwenye nyumba yenye njia tatu za umeme. Nyumba iliyoongezewa vyumba vya uani huwa na mipangilio yote miwili ndani ya kisanduku kimoja, hivyo rangi peke yake haitoshi kumhakikishia mtu usalama.

## Pasi iliyosahauliwa

Moto mwingi wa umeme huanzia mahali nyaya zinapokutana. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu hulegea kadiri unavyopata joto na kupoa, na kiungo kilicholegea huzidi kupata joto hata mkondo usipozidi kiwango, hivyo breka hukaa kimya. Ekstensheni za bei nafuu zina udhaifu huohuo, kwani waya wake huwa mwembamba, na ukiachwa umeviringishwa chini ya zulia au mvunguni joto hukosa pa kutokea. Ekstensheni inafaa kwa televisheni, redio na chaja, ila pasi, birika na jiko vichomekwe moja kwa moja ukutani.

Lipo pia jambo linalohusu hasa nyumba zenye mita moja ya LUKU. Mpangaji anapiga pasi kitandani asubuhi, uniti zinaisha, naye kwa haraka ya kuwahi kazini anaiacha pasi juu ya kanga bila kuichomoa, kwa sababu imekwisha poa na haimkumbushi tena. Saa nne mwenzake wa chumba cha mbele ananunua uniti, anaingiza tokeni, umeme unarudi katika nyumba nzima, na pasi inaanza kuwaka ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli. Vivyo hivyo hutokea gridi inapokatika na kurudi. Katika nyumba ya aina hii kanuni ya wote iwe kwamba umeme ukikatika, kila chombo cha kupasha joto huchomolewa papo hapo, na anayetaka kuingiza tokeni hubisha hodi kwanza kwenye vyumba vingine au kuwapigia simu walioondoka.

## Kabla ya kulipa kodi

Mpangaji ana nguvu kubwa zaidi ya kudai marekebisho kabla hajatoa kodi ya miezi mitatu au sita, na dakika chache za uchunguzi wakati huo zina thamani kuliko malalamiko ya mwaka mzima. Hahitaji kufungua kitu chochote. Inatosha atazame, anuse na aulize.

- Soketi yenye doa la kahawia au jeusi kandokando ya matundu, au iliyolainika, imewahi kuungua.
- Harufu ya plastiki iliyopata joto, ambayo mara nyingine hufanana na shombo la samaki mahali pasipo na samaki, hutoka kwenye kiungo kinachoungua taratibu.
- Taa ya LED inayoendelea kumeta kwa mbali baada ya kuzimwa huweza kuonyesha kwamba swichi imefungwa kwenye nyutro, na maana yake ni kwamba holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa.
- Soketi ndani ya bafu, au swichi inayofikiwa na mtu aliyesimama chini ya maji, haikubaliki hata kidogo.
- Ubao wa breka uwe na kitufe cha herufi T, na waya wa erthi uonekane ukiingia ardhini.

Jambo la kuulizwa kuliko yote ni mahali ilipo swichi kuu. Katika nyumba nyingi imo ndani ya chumba cha mwenye nyumba au cha mpangaji wa kwanza, chumba ambacho hufungwa mwenyewe akisafiri, na kwa hiyo wengine wote hubaki bila njia ya kukata umeme siku ya shoti au moto. Swichi kuu yapasa iwe ukumbini, mahali ambapo hata mtoto aliyefundishwa anaweza kumwonyesha mtu mzima.

## Nani agharimie, na nani afanye kazi

Mgawanyo wa haki ni rahisi kuueleza: kilichomo ukutani, darini na kwenye ubao ni cha mwenye nyumba, na kinachochomekwa ni cha mpangaji. Mapatano hayo yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na sharti kwamba mpangaji haongezi soketi wala mstari bila ruhusa, kwa kuwa soketi moja iliyoongezwa kwa siri huongeza mzigo kwa nyumba nzima. Mpangaji anayeogopa kuonekana msumbufu afahamu kwamba nyumba ikiungua, hasara ya baba mwenye nyumba ni kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote, na hoja hiyo inapotolewa kwa heshima, pamoja na picha ya soketi iliyoungua, husikika kuliko lawama.

Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA na kwa Kenya hutolewa na EPRA, na kumwomba fundi aionyeshe si kumvunjia heshima. Nchini Tanzania TANESCO huhitaji nyaya za nyumba mpya ziwe zimetandazwa na mkandarasi mwenye leseni kabla ya kuiunga, lakini nyumba huendelea kukua na kuongezewa vyumba baada ya siku hiyo. Kwa kulinganisha, England ilipitisha kanuni mwaka 2020 zinazomtaka mwenye nyumba ya kupangisha apimishe nyaya walau kila baada ya miaka 5 na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Hakuna kinachowazuia wapangaji wa Buguruni au Kisauni kuomba upimaji wa namna hiyo kwa hiari, hasa nyumba inapofikisha miaka 20 tangu isukwe nyaya.

## Hatua za dharura

Moto wa umeme ukianza, swichi kuu ikatwe kwanza. Maji yasimwagwe juu ya kitu chenye umeme. Mchanga mkavu au kizimamoto cha unga hutumika pale tu ambapo moto bado ni mdogo na mlango uko nyuma ya anayeuzima, vinginevyo watu watoke nje wote na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania lipigiwe simu kwa namba 114, ambayo haitozwi malipo.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe. Umeme ukatwe, na ikiwa haiwezekani kuufikia, atenganishwe na chombo kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, huku anayemwokoa akiwa amesimama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme. Asiyepumua na asiyeitika alazwe chali, kiganja kiwekwe katikati ya kifua na kingine juu yake, na kifua kikandamizwe kwa nguvu hadi kishuke sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika mpaka msaada ufike au aanze kupumua, waliopo wakipokezana kila baada ya dakika 2 kwa kuwa kazi hiyo huchosha upesi. Aliyepona mwenyewe na kuonekana mzima naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu umeme huunguza ndani ya mwili kuliko unavyoonyesha kwenye ngozi, na mapigo ya moyo yaliyovurugika hutambuliwa kwa kipimo.